Maswali Yenu: Ngeli unazijua, mbona upatanisho unakuponyoka?

Safari hii tumekusanya maswali kuhusu kumbukumbu tendaji, yaani uwezo wa kushika mambo machache akilini kwa sekunde chache huku ukiyafanyia kazi, na uhusiano wake na ung'amuzi wa sarufi, yaani uwezo wa kuitazama sarufi yenyewe, kugundua kosa na kulieleza, kwa wanafunzi wa vyuo vikuu.

*

Ndugu wahariri, nasomea ualimu wa Kiswahili, mwaka wa pili. Mtihani wa ngeli nilifaulu vizuri, lakini kila insha yangu inarudi na wino mwekundu kwenye vitenzi. Mhadhiri ameniambia nirudie ngeli. Nimerudia mara tatu na makosa hayaishi. Moja ni hili: "Orodha ya vitabu vya fasihi vilivyonunuliwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza vimepotea." Je, nina tatizo la kumbukumbu?
— Mwanafunzi, Morogoro

Kurudia ngeli hakutakusaidia sana, kwa sababu kosa hili halitokani na kutojua ngeli. Huwezi kuandika "orodha vimepotea" hata ukiwa na usingizi. Unajua kwamba orodha ni ya I-ZI. Tatizo lako linaanzia pale "orodha" na kitenzi chake vinapotenganishwa na maneno kumi na moja. Ndani ya maneno hayo, sauti ya vi au vy imegonga sikio mara nne: vitabu, vya, na mara mbili katika "vilivyonunuliwa". Unapofika kwenye kitenzi, "orodha" imefifia na kilichobaki kinalia ni VI.

Ufinyu huu ni wa binadamu wote. Mwaka 1956 George Miller aliandika kwamba tunaweza kushika mambo kama saba hivi kwa wakati mmoja. Mwaka 2001 Nelson Cowan alionyesha kwamba ukizuia mbinu za kurudiarudia na kupanga vitu mafungumafungu, idadi hushuka hadi karibu manne. Na mwandishi wa insha hashiki kiima peke yake. Anashika hoja ya aya, neno analolitafuta, tahajia, na anakokwenda baada ya sentensi hii. Kosa la aina yako limepimwa pia kwa wazungumzaji wa Kiingereza. Mwaka 1991 Kathryn Bock na Carol Miller waliwapa watu vianzio vya sentensi wavimalizie, na kianzio chenye kiima cha umoja kikifuatiwa na nomino ya wingi kiliwavuta baadhi yao kutumia kitenzi cha wingi. Wale walikuwa wanazungumza lugha yao wenyewe, na kitenzi chao hutofautisha umoja na wingi tu. Mswahili ana ngeli zote za kuchagua.

Tena kitenzi chetu kinabeba mzigo mkubwa. Chukua "vitabu walivyotununulia wazazi". Neno hilo moja, walivyotununulia, linataka uwe umeshika pande tatu kwa pamoja: wa- ya wazazi, ambao hata hawajatajwa bado, -vyo- ya vitabu, na -tu- yetu sisi tulionunuliwa. Tena wa- inatangulia kila kitu, hata njeo, kwa hiyo huna nafasi ya kuanza kitenzi kwanza ukafikiri baadaye. Ndiyo maana amba- ni rafiki wa mwandishi wa sentensi ndefu. Ukiandika "vitabu ambavyo wazazi walitununulia", -vyo unaiweka chini palepale baada ya vitabu, na kitenzi kinabakiwa na mizigo miwili. Baadhi ya walimu huiona amba- nzito masikioni. Katika sentensi fupi tunakubaliana nao, lakini katika sentensi ndefu tungeichagua kila mara.

Jipime hivi. Toa sentensi kumi zilizozungushiwa wino. Kila moja ikate ibaki na kiima na kitenzi tu, kisha isahihishe bila kufungua kitabu. Ukipatia nane au zaidi, ngeli unazijua na kinachokuangusha ni mzigo. Ukishindwa nyingi hata zikiwa fupi, tazama ni nomino zipi. Mara nyingi utakuta ni zile za U- (ugonjwa na magonjwa, ukuta na kuta, uamuzi na maamuzi), na hapo kurudia ngeli kuna faida, lakini rudia hizo tu.

Kama ni mzigo, dawa yake ni kuhariri kwa mpangilio mwingine. Maliza kuandika kwanza. Halafu soma mara moja kwa ajili ya vitenzi peke yake, bila kugusa tahajia wala hoja, maana ukichanganya kazi mbili unarudisha mzigo uleule. Anza na sentensi ya mwisho ya ukurasa urudi juu, ili mtiririko wa maana usikubebe. Pigia mstari kitenzi kikuu, uliza "nini?" au "nani?", rudi hadi kwenye nomino inayojibu, ukiruka chochote kinachofuata ya, wa, cha, la na wenzao, pamoja na kishazi cha urejeshi. Kisha tamka maneno mawili tu kwa sauti: orodha vimepotea. Sikio litakataa lenyewe.

Angalizo moja. Watu wengi wakigongana na sentensi kama yako husahihisha kitenzi kisicho na kosa: wanageuza "vilivyonunuliwa" kuwa "iliyonunuliwa", na sasa wanafunzi wamenunua orodha. Kama sentensi inakusumbua mara mbili, ivunje: "Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walinunua vitabu vya fasihi. Orodha ya vitabu hivyo imepotea." Hakuna kilichopungua katika maana.

*

Mimi ni mzaliwa wa Pemba, Kiswahili nimekinywa kwa mama. Lakini darasani nikiulizwa kwa nini sentensi fulani ina kosa, nasema tu "haisemwi hivyo". Mwenzangu aliyejifunzia Kiswahili shuleni anaeleza viambishi vyote na kupata alama kunizidi. Inakuwaje?
— Msomaji wa kike, Unguja

Dada, hapo pana kazi nne ambazo watu huziita kwa jina moja: kutumia sarufi, kugundua kosa, kulisahihisha, na kulieleza. Mbili za kwanza hazikuhitaji umfikirie mwalimu, na huenda unamzidi mwenzako kwa mbali. Ya nne inahitaji majina na kanuni, na yeye aliipata lugha pamoja na majina hayo.

Ellen Bialystok, mtafiti wa Kanada aliyefanya kazi muda mrefu juu ya ung'amuzi wa lugha, hutenganisha mambo mawili: uchambuzi, yaani kuona lugha kama kitu chenye vipande, na udhibiti, yaani kuelekeza umakini kwenye kipande kinachotakiwa na kuyafungia nje mengine. Udhibiti ndio unaokutana na kumbukumbu tendaji. Jaribu sentensi hizi mbili: "Jiwe lilikunywa chai yake yote" na "Mtoto ilikunywa chai yake yote". Ipi ina kosa la sarufi? Ya kwanza ni upuuzi mtupu kwa maana, lakini sarufi yake ni safi. Ya pili inaeleweka kabisa, na sarufi yake ina kosa. Kujibu haraka kunakulazimu uizuie maana isikusemee, na kuizuia kunachukua nafasi akilini.

Wewe huna haja ya kujifunza Kiswahili upya. Unachokosa ni daraja kati ya sikio na maelezo, na daraja hilo hujengwa kwa kubadilisha neno moja moja. Sikio likikataa, usiseme bado "haisemwi hivyo". Badilisha nomino, uache mengine yote: "mtoto ilikunywa" imekataliwa, "ng'ombe ilikunywa" nayo, "mashine ilikunywa" imepita kisarufi. Kwa hiyo i- inaafikiana na mashine na inakataana na viumbe hai, hata ng'ombe ambaye kwa umbo anafanana na nomino za I-ZI. Hapo umepata kanuni nzima ya A-WA kwa viumbe kutoka mdomoni mwako mwenyewe. Andika kanuni hiyo kwa maneno yako kwanza, kisha utafute jina lake kitabuni. Ukianza na jina, utalikariri na kulisahau.

Na usiache kuandika kwenye karatasi. Anayeeleza sentensi kichwani anashika sentensi, kosa na kanuni kwa pamoja. Aliyeiandika mbele yake anashika kanuni tu.

*

Nafanya tasnifu ya uzamili juu ya uhusiano wa kumbukumbu tendaji na ung'amuzi wa sarufi. Nina wanafunzi 40 wa mwaka wa kwanza, chumba kimoja, projekta, na sina maabara. Naomba mwongozo wa vipimo.
— Mwalimu, Eldoret

Mwalimu, tuanze na hao 40, kwa sababu ndiko tasnifu nyingi huharibikia kabla hata data haijakusanywa. Mwaka 2014 Jared Linck na wenzake walijumlisha tafiti kuhusu kumbukumbu tendaji na lugha ya pili, wakapata uwiano wa karibu 0.25, ambapo 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kwenda sambamba kikamilifu. Huo ni uhusiano wa kweli lakini mdogo. Unaeleza takriban asilimia 6 ya tofauti kati ya watu. Ili uwe na nafasi 80 kati ya 100 za kuuona uwiano wa 0.25 kwa kiwango cha kawaida cha 0.05 (yaani nafasi 5 kati ya 100 za kuona uhusiano usiokuwapo), unahitaji watu wapatao 123. Kwa watu 40 utaweza kutegemea kuona uwiano wa 0.43 na kuendelea tu. Ama uongeze darasa la pili na la tatu, ama ubadili swali, ulinganishe sentensi fupi na ndefu kwa watu walewale. Hapo kila mwanafunzi anajilinganisha na nafsi yake, na 40 wanaweza kutosha.

Kipimo cha kumbukumbu. Kile maarufu ni cha Meredyth Daneman na Patricia Carpenter cha mwaka 1980. Mtu anasoma sentensi kwa sauti, mbili hadi sita kwa mfululizo, kisha anataja neno la mwisho la kila moja. Sentensi zao zilikuwa za maneno 13 hadi 16 ya Kiingereza. Usizitafsiri. Neno letu moja linaweza kubeba yao matano, kwa hiyo tunga zako, za maneno 8 hadi 10, na hesabu silabi ili zisipishane sana. Neno la mwisho liwe nomino ya silabi mbili au tatu, kamwe lisiwe kitenzi. Usimalizie mfululizo mmoja kwa kiti, kisu, kikombe: zinaanza kwa sauti moja na zitachanganyika kwa sababu ya sauti, jambo ambalo hukusudii kulipima. Nanga, sabuni, daftari, kofia zinafaa zaidi. Kila sentensi ifuatiwe na "kweli" au "si kweli", la sivyo wanafunzi wataruka maana na kuvizia neno la mwisho.

Kipimo hicho kina kasoro kwa swali lako: nacho ni cha lugha. Mwanafunzi hodari wa kusoma atafanya vizuri pande zote mbili, nawe utauita uhodari huo kumbukumbu. Kwa hiyo ongeza kipimo cha hesabu, ambacho Turner na Engle walikitumia mwaka 1989: onyesha "(6 ÷ 2) + 4 = 7?", mwanafunzi aweke tiki au mkasi, kisha onyesha neno moja la kukumbuka, na kuendelea. Baada ya mfululizo ndipo waandike maneno kwa mpangilio wake. Aliyekosa zaidi ya asilimia 15 ya hesabu, weka matokeo yake pembeni, maana huenda aliziacha hesabu ili akariri maneno. Kalamu zibaki chini wakati slaidi zinapita, na mtu asimamie hilo kwa macho. Ukilegea hapo unapima mwandiko. Usitoe alama kwa mfululizo uliokamilika tu. Toa alama kwa kila neno lililo mahali pake, kwani kufanya hivyo hutenganisha watu vizuri zaidi.

Kipimo cha sarufi ndicho kinachohitaji jasho. Tunga mashina 40, kila shina liwe na sura nne:

"Ukuta umeanguka."
"Ukuta kimeanguka."
"Ukuta wa kibanda cha kinyozi kilichojengwa kando ya kituo umeanguka."
"Ukuta wa kibanda cha kinyozi kilichojengwa kando ya kituo kimeanguka."

Tengeneza karatasi nne, ili kila mwanafunzi akutane na kila shina mara moja tu, na apate kumi za kila sura. Changanya na sentensi 20 zisizohusu upatanisho, nusu ziwe na kosa jingine kama "Kesho tulikwenda sokoni". Bila hizo, kufikia sentensi ya kumi wote watajua unatafuta nini na kuacha kusoma katikati. Karatasi nne maana yake seti nne tofauti za slaidi, kwa hiyo gawa darasa katika makundi manne ya watu kumi, yaingie kwa zamu.

Muda usiukisie. Rod Ellis, mwaka 2005, aliwapima kwanza wazungumzaji wazawa, akachukua wastani wao na kuongeza asilimia 20. Fanya vivyo hivyo kwa watu wachache wasio katika utafiti wako, sentensi fupi na ndefu kila moja kwa muda wake. Sehemu hii wanafunzi wanajibu "sahihi" au "si sahihi" basi.

Baada ya hapo, na si kabla, wape sentensi 12 zenye kosa kwenye karatasi bila kubanwa na saa, wazitie mstari, wazisahihishe na waeleze. Hapa alama tatu zisichanganywe: kuonyesha kosa, kusahihisha, kueleza. Katika kueleza, "haisikiki vizuri" ni 0. "Ukuta na kimeanguka havipatani" ni 1. Anayetaja ngeli na kiambishi kinachostahili apate 2. Wasahihishaji wawe wawili, kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Tarajia kumbukumbu kujitokeza zaidi kwenye sentensi ndefu zenye muda mfupi, na kufifia kwenye maelezo ya karatasini, ambako elimu ya nyuma ndiyo inayotawala. Ukijumlisha yote kuwa "alama ya ung'amuzi wa sarufi", umejifunika mwenyewe usione tofauti hiyo.

Yako makosa mawili tunayokusihi uyaepuke. La kwanza ni kuhesabu makosa yaliyogunduliwa peke yake. Mwanafunzi anayejibu "si sahihi" kila mahali atapata zote, kwa hiyo hesabu pia sentensi safi alizozikubali. La pili ni kuingiza sentensi ambazo wazungumzaji wenyewe hawaelewani juu yake. "Moja ya" na "mmoja wa", "rafiki zangu" na "marafiki wangu", na mazoea ya mazungumzo kama "ule mtu", hayo yote yaondoe. Utakuwa unapima mtu katoka wapi. Waambie pia mwanzoni kwamba unauliza Kiswahili sanifu cha kuandika, maana lugha ya nyumbani si kosa na hawapaswi kuondoka wakidhani hivyo.

*

Nilipimwa kukumbuka tarakimu. Kwa Kiingereza nilifika saba, kwa Kiswahili tano na nusu. Kiswahili ni lugha yangu ya kwanza. Je, kusomeshwa kwa Kiingereza kumenipunguzia kumbukumbu?
— Mwanafunzi, Dar es Salaam

La. Ulichokiona ni urefu wa maneno. Kumbukumbu ya sauti hushika takriban kile unachoweza kukitamka kwa sekunde mbili. Alan Baddeley na wenzake walionyesha mwaka 1975 kwamba maneno marefu hukumbukwa machache kuliko mafupi. Tarakimu zetu kuanzia moja hadi tisa zina silabi mbili kila moja, hata "nne" (n-ne). Za Kiingereza zote zina silabi moja isipokuwa ile ya saba. Mwaka 1980 watafiti wawili, Nick Ellis (si Rod Ellis wa hapo juu) na Hennelly, walilikuta jambo hilohilo kwa Wawelisi, ambao tarakimu zao huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa kuliko za Kiingereza: walionekana kukumbuka chache kwa Kiwelisi, na sababu ilikuwa muda wa kutamka. Kama umezoea kutaja namba za simu kwa Kiingereza, pengo linapanuka zaidi.

Kwa hiyo matokeo yako ya Kiswahili yasilinganishwe kamwe na majedwali yaliyotengenezwa kwa wazungumzaji wa Kiingereza. Anayekupima akifanya hivyo, mwambie.

*

Kuna programu za simu zinazodai kuongeza kumbukumbu kwa dakika 20 kwa siku. Je, zitanisaidia katika sarufi?
— Msomaji, Kigoma

Utakuwa bingwa wa mchezo wenyewe. Mwaka 2013 Monica Melby-Lervåg na Charles Hulme walipitia tafiti za mazoezi ya namna hiyo, wakakuta watu wanaboreka kwenye kazi zinazofanana na zile walizozizoea, na faida haivuki kwenda kwenye kusoma wala hesabu. Fedha yako ibaki mfukoni.

Dakika 20 hizo zitumie hivi kwa wiki tatu. Chukua sentensi tano ndefu kutoka gazetini. Soma moja, funga gazeti, andika kiima na kitenzi chake kikuu tu, kisha fungua uhakiki. Halafu ijenge upya: anza na kiima na kitenzi, ongeza kishazi kimoja kati yao, kisha cha pili, ukitamka sentensi nzima kila mara. Utakapofika mahali ulimi unateleza, weka alama. Wengine huteleza kwenye kishazi cha pili, wengine nomino ya A-WA inapoingia katikati. Ukishajua pako ni wapi, ndipo pa kukatia sentensi unapoandika.